Mashine ya salfa ikiishiwa nguvu, fungua ekzosi kwanza

Mwezi wa saba huku Newala usimtafute fundi wa mashine za kupulizia ukitegemea akuhudumie siku hiyohiyo. Mikorosho inatoa maua, kusi inavuma, kila mwenye shamba anataka salfa, ile dawa ya unga, iwe juu ya miti kabla ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa maua, haujawahi, na mashine za kijiji kizima zinaamua kuumwa kwa pamoja. Fundi anakuwa mfalme. Analosema ndilo linalofanyika, anachodai ndicho kinacholipwa. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye mashine yake inawaka vizuri, lakini akifungua mafuta inajivuta, haipandi, na unga unaishia katikati ya mti. Kabla hujamruhusu mtu afungue silinda, mwambie afungue ekzosi.

Mikorosho ninayoisimamia ni ya mama. Umri umemfika, na mjomba, ambaye ndiye msemaji wa mambo ya shamba kwetu, alikubali niiendeshe mimi kwa sharti moja: niache kutegemea vijana wa kukodi. Vijana hao wana mashine zao na wanalipwa kwa mfuko wa salfa waliomaliza. Wanaanza kwa wenye mashamba makubwa, wakifika kwako jua limeshatoka na upepo umeshaamka, unga wote unakwenda kwa jirani. Salfa inataka alfajiri, umande ukiwa bado kwenye maua ili unga ushike, na hewa ikiwa imetulia. Ukipitwa na saa hiyo umeipulizia barabara.

Tukanunua mashine mpya ya mgongoni kule Masasi, ya Kichina, kwa shilingi 450,000. Kitabu chake kiliandikwa Kiingereza na Kichina, kikabaki ndani ya boksi. Msimu wa kwanza hatukuwa na neno nayo. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyekuwa akiibeba, mimi nafuata nyuma na mfuko wa salfa na tochi, na tulikuwa tunamaliza shamba kabla watu hawajanywa chai. Petroli tulinunua kijijini, ile inayouzwa kwenye chupa za maji ikiwa imeshachanganywa na oili. Muuzaji alikuwa anapima oili kwa jicho. Kila chupa na rangi yake.

Msimu wa pili dalili zilianza taratibu, kiasi kwamba kwa muda tulidhani ni miti imerefuka. Mashine ilikuwa inawaka kwa mvuto mmoja wa kamba, inanguruma vizuri ikiwa chini, lakini ukifungua mafuta yote sauti inakuwa nzito, imefunga, haifiki ule mlio mkali wa mwaka uliotangulia. Ikishapata moto ndiyo inazidi. Unga uliokuwa unafunika kilele cha mkorosho mkubwa sasa unaishia kwenye matawi ya chini. Mdomo wa ekzosi ukawa unadondosha majimaji meusi yenye mafuta, na kijana akaanza kulalamika, "Mama mdogo, inanichoma kiuno." Nikampa gunia akunje aweke mgongoni.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea alikuwa wa pikipiki. Akasema plagi imekufa, tukanunua plagi, 5,000. Mashine ikarudi shambani, ikawa vilevile. Akasema ni kabureta, akaisafisha, halafu akasema haifai tena, tukanunua nyingine kwa 35,000. Vilevile. Akasema sasa ni ringi, injini haina kompresheni. Pistoni na ringi zake 45,000, na ufundi wa safari zote hizo 20,000. Jumla 105,000, karibu robo ya bei ya mashine mpya. Kila mara alikuwa anaiwasha palepale gerejini, anapiga resi mara mbili, mashine inaitika, anasema, "Tayari, dada." Na kweli ukiisikia pale unaona tayari. Ugonjwa wake ulikuwa unajitokeza baada ya dakika kadhaa za mafuta yote, na hakuna fundi anayeisikiliza mashine kwa muda huo huku wateja wengine wamesimama.

Na ubwiriunga haumsubiri fundi. Maua machanga ya upande wa magharibi wa shamba yakapakwa ungaunga wa kijivu, mengine hayakufunguka kabisa, yakakauka yakawa ya kahawia yakiwa kwenye kikonyo chake. Kila nikipita pale nilikuwa napiga hesabu ya kilo ambazo hazitafika ghalani mwezi wa kumi. Mama hakusema kitu, ila alikuwa anakuja shambani, anashika ua, analisugua kwa vidole, anaondoka. Ningependa angenigombeza.

Ndipo fundi akaja na dawa ya mwisho. Akachukua drili, akatoboa matundu ubavuni mwa ekzosi, na kile kiwavu cha waya kilichokaa mdomoni akakichokoa kwa bisibisi akakitupa. "Hiki ndicho kinabana pumzi," alisema. Alichukua 10,000.

Kusema haki, nguvu zilirudi. Mashine ilinguruma ikasikika mpaka kijiji cha pili, na unga ulipanda mpaka kileleni. Jirani yetu alisema tumewaamsha hadi waliokwisha zikwa. Kama ningeulizwa wiki hiyo, ningemsifu fundi yule kwa kila mtu. Matundu yale yalifungua njia ya mkato kwa moshi uliokuwa umekwama, basi. Kizuizi chenyewe kilikuwa bado mlemle ndani, na kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike.

Kwanza petroli. Chupa zilizokuwa zinatosha shamba lote zikawa hazitoshi, kila mara inadaiwa nyingine. Pili masikio. Kijana akirudi nyumbani unamwita mara tatu ndipo anageuka, na usiku anasema anasikia nzi. Tatu, cheche. Gizani nilikuwa naziona zinatoka kwenye yale matundu, ndogondogo, nyekundu, zinapotelea hewani. Nilimwambia mjomba, naye akasema tuulize, na kabla hatujauliza ikafika ile alfajiri.

Kijana alikuwa ametoka kujaza salfa. Ukijaza salfa gizani lazima nyingine imwagike, na ilikuwa imetulia kwenye kitako cha mashine na juu ya kifuniko cha injini. Nilikuwa hatua chache nyuma yake. Niliona mwanga wa bluu unatambaa chini ya mashine, kwenye kiuno chake, bila sauti na bila moshi mkubwa. Kwa kitambo nilidhani ni tochi yangu inaakisi kitu. Halafu harufu ikanifikia, ile inayokaba koo na kutoa machozi. Nikapiga kelele, "Tua! Tua mashine!" Alifungua mkanda mmoja, wa pili ukagoma, akaivua kama shati na kuitupa. Tukaifukia kwa udongo kwa mikono na majembe. Koti lake lilikuwa limeungua mgongoni, ngozi ya kiuno imebabuka sehemu ya kiganja, na alikohoa siku kadhaa kwa ule moshi. Kifuniko cha plastiki kiliyeyuka kikaning'inia. Tanki la petroli lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, na halikushika moto.

Salfa ni kiberiti, na wazee wengine bado wanaiita hivyo. Inayeyuka kwenye nyuzi 115 za Selsiasi hivi, juu kidogo tu ya maji yanayochemka, na joto la ekzosi inayofanya kazi ya mafuta yote linaizidi hiyo kwa mbali. Ikitua kwenye chuma chenye moto wa kutosha inayeyuka kisha inawaka, na cheche ikiipata inawaka upesi zaidi. Mwali wake ni wa bluu. Mchana mweupe huuoni, unasikia harufu tu. Hewa inayotoka ikiungua ni sumu kwa mapafu. Ndiyo maana kiwandani wanaweka kile kiwavu mdomoni, kizuie cheche, na ndiyo maana ekzosi inakaa ndani ya kifuniko chake, isiguswe na unga wala nguo. Sisi tulikuwa tumetoa kiwavu na kutoboa ubavu, halafu tunabeba kilo kadhaa za kiberiti juu yake.

Fundi tulipomrudia alisema kijana alijaza kupita kiasi. Mjomba alikasirika na kila mtu, mimi nikiwemo, halafu akatulia, akasema kuna mzee Masasi anayetengeneza misumeno ya mnyororo. Misumeno ile na mashine zetu ni injini za ukoo mmoja, zote zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Hilo hatukuwa tumeliwaza. Ukiwa na mashine ya salfa, fundi wa misumeno ana mengi ya kukufaa kuliko fundi wa pikipiki, kwa sababu pikipiki nyingi za siku hizi zina oili yake chini kwenye injini na moshi wake hauachi uchafu wa aina hii.

Mzee alipokea mashine, hakuiwasha. Aliuliza swali moja: "Mnachanganya oili gani?" Nikamwambia tunanunua iliyochanganywa. Akacheka kwa pua. Akafungua bolti mbili za ekzosi, akaivuta, akaniita nitazame ndani ya silinda kwenye mwanga. Tundu la moshi ambalo lilipaswa kupitisha kidole gumba lilikuwa limebaki na nafasi ya penseli. Pembeni yote limezungukwa na ukoko mweusi, mgumu, unaong'aa, kama wa sufuria ya wali iliyosahauliwa jikoni. Ndani ya ekzosi hali ilikuwa hivyohivyo. Ile pistoni ya zamani nilikuwa nimeibeba kwenye mfuko. Akaigeuza mara moja, akasema ilikuwa nzima.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, maana silinda haitoki bila kutoa ekzosi kwanza. Yule fundi wa kwanza aliitoa, aliuona ule ukoko kwa macho yake, akafunga pistoni mpya, akairudisha ekzosi ileile.

Nieleze kinachotokea ndani, kwa jinsi mzee alivyonieleza na nilivyokuja kuelewa kwa kushika mwenyewe. Injini hizi hazina valvu. Silinda ina tundu la kutolea moshi na njia za kuingizia mchanganyiko mpya, na kinachofungua na kufunga vyote ni pistoni yenyewe ikipanda na kushuka. Ikishuka inafungua tundu la moshi kwanza, ikizidi kushuka inafungua njia ya mchanganyiko mpya, nao unaingia huku ukiusukuma moshi uliobaki utoke. Kwa muda mfupi sana vyote viwili viko wazi. Sasa tundu la moshi likiziba, moshi wa zamani haumalizi kutoka, mchanganyiko mpya unakosa pa kukaa, na joto linabaki ndani. Ndiyo ile sauti iliyofunga na kiuno kuungua. Lakini ukiiachia ekzosi wazi kupita kiasi nako kuna hasara. Ule mchanganyiko mpya unapitiliza moja kwa moja nje kabla haujaungua, petroli inapotea, injini inaweza kubaki na petroli kidogo na oili kidogo, joto linapanda, pistoni inanoki, yaani inakwama ndani ya silinda. Vyumba vilivyomo ndani ya ekzosi vinapunguza kelele na pia vinaurudisha msukumo kidogo ili mchanganyiko mpya usitoke wote. Ukitoboa umevuruga hesabu ambayo kabureta ilipangiwa kiwandani.

Mzee alinipa kazi ya kusafisha mwenyewe, yeye amekaa kwenye kigoda. Injini lazima iwe imepoa kabisa. Unatoa kofia ya plagi. Unavuta kamba polepole mpaka pistoni ipande na kulifunika tundu la moshi, usiendelee. Hiyo ndiyo siri ya kazi yote, kwa sababu ukikwangua tundu likiwa wazi ukoko unadondokea ndani ya silinda, na punje moja ngumu ikikaa kati ya pistoni na ukuta wa silinda umenunua vyote viwili. Unakwangua kwa kijiti cha mti mgumu au mianzi iliyochongwa bapa. Bisibisi hapana, kisu hapana. Silinda na pistoni ni aluminiamu, mkwaruzo mmoja kwenye ubavu wa pistoni unabaki maisha. Ukimaliza unapuliza, unafuta kwa kitambaa, unageuza mashine tundu likiangalia chini, unavuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa imetolewa ili chochote kilichobaki kitoke.

Kiwavu ni kazi nyepesi. Kama kipo, kichomoe, kisugue kwa brashi ya waya, au kishike kwa koleo juu ya moto wa mkaa mpaka masizi yaungue yawe majivu, kisha kipige-pige. Kikitoboka, nunua kingine. Kwa mashine ya salfa usikubali kamwe kuambiwa kwamba hakina kazi. Mara nyingi mashine iliyopoteza nguvu ghafla katikati ya msimu tatizo lake lote ni hicho kiwavu chenye ukubwa wa sarafu, na ukikisafisha umemaliza bila kununua kitu.

Ndani ya ekzosi yenyewe ndiko kugumu, maana nyingi zimechomelewa na huwezi kuzifungua. Watu wanatumia njia mbili. Moja ni kuichoma kwenye moto wa mkaa, nje, mbali na nyumba, ukae upande upepo unakotoka kwa sababu ule moshi ni mchafu, halafu uiache ipoe yenyewe na kuigonga kwa mti mpaka ukoko uanguke. Njia nyingine ni kuiloweka kwenye kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Kostiki inaukata ukoko vizuri, ila sikiliza: ni kwa chuma tupu. Ukiweka kitu cha aluminiamu humo kinaliwa huku kikitoa povu na gesi inayoweza kushika moto. Na unatia kostiki kwenye maji, si maji kwenye kostiki, la sivyo inaruka usoni. Glavu na miwani. Ekzosi yetu haikustahili njia yoyote kwa sababu ya yale matundu. Mzee alikuwa na nyingine kutoka mashine iliyokufa ya aina ileile, akaniuzia 20,000, gasketi 2,000, na ufundi 15,000. Shilingi 37,000 kumaliza kilichoshindikana kwa 115,000.

Gasketi nayo isikupite. Ni kile kipande chembamba kati ya ekzosi na silinda. Kijijini wanakata ya boksi au ya kandambili, inaungua siku ileile. Ikishaungua moto unapenya pembeni, unaunguza kifuniko cha plastiki, bolti zinalegea kwa mtetemo, ekzosi inaanza kucheza, na mwisho inakula nyuzi za bolti kwenye silinda. Nyuzi za aluminiamu zikishakwisha ni kesi ya silinda nzima. Kwa hiyo bolti anza kuzizungusha kwa vidole mpaka ziingie zenyewe, ndipo uweke spana. Washa mashine ipate moto, izime, iache ipoe, kaza tena kidogo. Sisi sasa tunazigusa kabla ya kuingia shambani.

Kuhusu oili, mzee aliniambia kwamba ukoko ule tuliununua wenyewe kwa chupa, nami sikuwa na la kujibu. Oili ya kuchanganya inapaswa kuwa 2T, ambayo imetengenezwa kuungua pamoja na petroli. Muuzaji wetu alikuwa anatia oili ya injini ya pikipiki, wakati mwingine ile chafu iliyomwagwa. Hiyo haiungui vizuri, inabaki kuwa ukoko. Kipimo kiko kwenye kitabu au kwenye kifuniko cha tanki. Mashine nyingi za aina yetu ni 25 kwa 1, maana yake mililita 200 za oili kwa lita 5 za petroli. Nyingine ni 50 kwa 1, mililita 100 kwa lita 5. Tazama ya kwako, usifuate ya jirani. Kuna wanaoongeza oili wakidhani wanailinda injini, hao wanaziba ekzosi. Kuna wanaopunguza wakiona moshi mwingi, hao wananoki. Mimi nanunua petroli safi kituoni, nina chupa ya dawa ya kikohozi yenye alama za mililita, nachanganya mwenyewe kwenye dumu na kulitikisa. Muuzaji wa chupa hakufurahi, lakini tunasalimiana.

Ukitaka kujua kama tatizo ni ekzosi kabla ya kutumia hata shilingi, anza kwa kuitoa ikiwa imepoa na kumulika ndani ya tundu. Macho yanatosha. Kuna mafundi wanaoilegeza ekzosi na kuiwasha mashine kidogo wasikie kama inapanda. Njia hiyo inasema kweli, lakini ifanyike kwa sekunde chache, mahali pasipo na salfa wala petroli iliyomwagika, na wala si mgongoni mwa mtu.

Je, ekzosi isiguswe kabisa? Sisemi hivyo. Yetu tumeiongezea ngao ya bati la debe, imeachwa nafasi ya kidole kati yake na ekzosi ili hewa ipite, na joto la kiuno limepungua sana. Kile kimdomo cha kuelekeza moshi tumekigeuza kitazame nje badala ya kuelekea mguu wa mbebaji, bila kupunguza upana wa tundu. Ekzosi ikipasuka inachomelewa, ila itolewe kwenye mashine, ikaunguzwe mafuta yote kwanza. Nimeona mtu anachomelea ikiwa bado imefungwa chini ya tanki. Niliondoka pale.

Mjomba, baada ya kuona nimejifunza, aliniletea pampu yake ya kumwagilia bustani bondeni upande wa Mto Ruvuma. Ile ni injini nyingine, ina oili yake chini, haichanganywi. Ekzosi yake haikuwa imeziba. Alikuwa ameiunganishia bomba refu la chuma ili moshi uende mbali na nyanya, na uzito wa bomba ukisaidiana na mtetemo ukavunja stadi moja kwenye silinda. Kama unarefusha, bomba lisimamishwe na mguu wake ardhini, lisining'inizwe kwenye injini, na lisiwe jembamba kuliko tundu la kiwandani. Zaidi ya hilo nilimwomba jambo moja. Alikuwa ameichimbia shimo ili iwe karibu na maji. Moshi wa petroli una gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inajaa shimoni, na anayeshuka kuizima anazimika yeye kwanza, kisha na anayeshuka kumwokoa. Pampu ya petroli haiingii kisimani wala shimoni, hata kwa dakika moja. Tuliipandisha juu siku ileile, na mpira wa kunyonyea ukaongezwa.

Siku hizi ratiba yetu ni kusafisha kiwavu na kutazama tundu la moshi kabla ya salfa ya kwanza, na tena katikati ya msimu. Ukipita mzunguko mmoja tunafuta unga wote kwenye kitako kabla ya kuwasha, na kujaza salfa kunafanyika injini imezimwa, mashine ikiwa chini na imepewa muda wa kupoa. Kijana anavaa vizuia sauti masikioni, vile vya mafundi wa kuchomelea, na barakoa. Koti lililoungua bado analo, anavaa kwenye kazi nyingine.

Na ukilazimika kununua ekzosi nyingine, nenda na ya zamani mkononi. Wauzaji watakuambia zote ni moja. Pima umbali kati ya bolti mbili, pima tundu, tazama kama kiwavu kimo ndani, na ulizia gasketi yake palepale kabla hujatoa pesa, maana ukirudi nyumbani bila gasketi utaishia kukata boksi.